Tundu, Mvujo na Nasuri: Historia ya Tiba ya Mianya ya Njia ya Chakula kwa Endoskopi

Kiswahili kina maneno matatu ambayo aghalabu hutumika kutaja mahali chakula, nyongo au uchafu hutokea pasipo mlango wake: tundu, mvujo na nasuri. Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hupokezana nafasi bila madhara. Mbele ya mgonjwa, walakini, kila moja lataka kupewa maana yake. Tundu ni mwanya mpya, uliotobolewa na risasi, na kisu, au na chombo cha tabibu mwenyewe. Mvujo hutokea katika mshono ulioachia, baada ya utumbo kukatwa na kuungwa. Nasuri ni njia iliyokwisha kukomaa, yenye kuta zake, iunganishayo utumbo na ngozi au kiungo kimoja na kingine. Neno hili la tatu lina asili ya Kiarabu. Mwenziwe wa Kilatini, fistula, maana yake ya kwanza ni bomba, na tena filimbi ya tete. Siku hizi watu wa Afrika ya Mashariki hulisikia neno fistula zaidi kwa habari ya maradhi ya uzazi. Hapa inayojadiliwa ni ile ya njia ya chakula, tangu umio hata puru.

Si jambo la msamiati tu. Ukifuatwa mwendo wa tiba ya mianya hii tangu mwanzo wa karne ya 19, yaonekana kuwa matabibu walikawia kufaulu kwa sababu waliyatendea mambo matatu kana kwamba ni moja. Walitafuta kifuniko. Polepole ndipo walipofahamu kuwa mwanya wa mwili haungoji kufunikwa bali wangoja kuondolewa kile kinachouweka wazi. Na chombo kilichowafikisha katika ufahamu huo ni endoskopi, yaani mrija wenye taa wa kutazamia ndani ya mwili.

Kisa mashuhuri cha nasuri ya tumbo kilianza tarehe 6 Juni 1822 katika kisiwa cha Mackinac, mpakani mwa Marekani na Kanada. Kijana mmoja Mkanada mwenye asili ya Kifaransa, Alexis St. Martin, mchukuzi katika biashara ya ngozi za wanyama, alipigwa risasi kwa bahati mbaya na bunduki iliyofyatuka karibu naye dukani. Risasi iliingia ubavu wa kushoto, ikavunja mbavu na kulitoboa tumbo. William Beaumont, tabibu wa jeshi katika ngome ya hapo, alimwuguza bila ya kutumaini kwamba angeishi. Kwa muda wa siku 17 kila alichokula kilitokea jerahani, na ilibidi alishwe kwa njia ya haja kubwa. Kisha chakula kikaanza kukaa. Lakini tundu halikuziba: ukingo wa tumbo ulishikamana na ukingo wa ngozi, nyama ikapona pande zote, na katikati ukabaki mlango. Baadaye ukunjo wa tumbo lenyewe ukaota ndani ya mlango huo kama pazia, hata chakula kisiweze kutoka isipokuwa pazia lisukumwe kwa kidole.

Beaumont aliufanya mlango huo kuwa dirisha la elimu. Tangu mwaka 1825 alitumbukiza vipande vya nyama na mkate vilivyofungwa kwa uzi wa hariri, akavitoa baada ya saa kadhaa na kuandika vilivyopungua. Mwaka 1833 alichapisha kitabu cha majaribio 238, kilichothibitisha kuwa chakula husagwa tumboni kwa maji yenye asidi wala si kwa joto au kusuguliwa tu. Elimu ya usagaji wa chakula ilipata msingi wake hapo. St. Martin mwenyewe alipata ujira mdogo na usumbufu mwingi. Mara kadhaa aliondoka akarudi kwao, na mara kadhaa alibembelezwa arejee. Aliishi hata mwaka 1880, akiwa na mke na watoto, na nasuri yake akaenda nayo kaburini. Jamaa zake, wakijua kuwa matabibu wangeitaka maiti, waliiacha ioze kwanza, ndipo wakaizika katika kaburi lenye kina cha futi 8.

Yafaa kuuliza kwa nini tundu la mtu huyu, mwenye afya ya kumwezesha kupiga makasia na kupasua kuni, halikuziba katika miaka 58. Jibu lilijulikana baadaye. Jeraha huziba kwa nyama mbichi kukutana na nyama mbichi. Ngozi laini ya ndani ya tumbo ikikua hata ikaungana na ngozi ya nje, njia yote huwa imepakwa ngozi, na mwili huihesabu kuwa ni mlango halali. Kwa lugha ya leo, lililokuwa tundu limekuwa nasuri. Sababu nyingine zimeongezwa katika orodha hiyo: kitu kigeni kilichobaki ndani, mionzi iliyoichoma nyama, usaha usiotoka, saratani, na kizuizi mbele ya njia kinachoyarudisha maji nyuma. Maadamu mojawapo ya hizo ipo, mwanya hauzibi, hata ukishonwa kwa ustadi gani.

Matabibu wa karne ya 19 walishughulika zaidi na mshono. Mwaka 1826, mjini Paris, Antoine Lembert alionyesha kuwa utumbo hushika vizuri ukishonwa hivi kwamba ngozi yake ya nje iguse ngozi ya nje. Kanuni hiyo ikawa mlango wa upasuaji mkubwa. Tarehe 29 Januari 1881, mjini Vienna, Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo yenye saratani na kukiunga kilichobaki na utumbo. Mgonjwa akaishi miezi kadhaa, hata saratani ilipomrudia. Tangu siku hiyo kukata na kuunga kukawa kazi ya kawaida, na pamoja nayo ukazaliwa ugonjwa mpya ambao haukuwako kabla, nao ni mvujo wa maungio. Ni ugonjwa uletwao na tiba. Siku ya nne au ya saba baada ya kupasuliwa, homa hupanda, mapigo ya moyo huenda mbio, na yaliyomo utumboni humwagika katika kifua au katika utando wa tumbo.

Katika nyumba hiyohiyo ya Billroth, na katika mwaka huohuo wa 1881, msaidizi wake Johann von Mikulicz, akishirikiana na fundi Josef Leiter, alipitisha kinywani mwa wagonjwa bomba lenye taa ya umeme na kulitazama tumbo kwa ndani. Mshono na taa, basi, vilikuwa vya dari moja. Hata hivyo ilipita karibu karne nzima kabla taa haijaja kuutengeneza mshono. Sababu yake kubwa ilikuwa chombo chenyewe.

Mwanzo wa chombo hicho ulikuwa mshumaa. Mwaka 1806, huko Frankfurt, Philipp Bozzini alitangaza kisanduku chenye mshumaa na kioo cha kupelekea mwanga katika matundu ya mwili. Mwaka 1853, Paris, Antonin Jean Desormeaux alikiboresha kwa taa ya mafuta, na kwake ndiko lilikotoka jina endoskopi, lililotungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya ndani na kutazama. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul wa Freiburg alimtumia mmeza panga wa mazingaombwe, mtu aliyezoea kuinyosha shingo na koo kuwa njia moja, akampitishia bomba la chuma hata tumboni. Bomba lilipita, lakini mwanga haukutosha. Chuma kilichonyoka hakikubaliani na koo lililopinda, na umio uliotobolewa na bomba la kutazamia ulikuwa aghalabu hukumu ya kifo. Chombo cha kutazama mianya kikawa chenyewe chaweza kuufanya mwanya.

Rudolf Schindler, mjini Munich, pamoja na fundi Georg Wolf, walileta mwaka 1932 bomba ambalo nusu yake ya mbele iliweza kupinda kidogo, kwa safu ya lenzi nyingi fupi. Miaka miwili baadaye utawala wa Kinazi ulimfunga Schindler. Alipofunguliwa alihamia Chicago, na ufundi wake ukahamia naye. Mapinduzi hasa yalitoka katika nyuzi za kioo. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany wa London walieleza namna fungu la nyuzi hizo liwezavyo kuchukua sura ya kitu hata likikunjwa. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliyasoma hayo, akatengeneza na wenzake chombo cha namna hiyo, na Februari 1957 akakimeza yeye mwenyewe kabla ya kumpitishia mgonjwa. Tangu hapo tumbo liliweza kutazamwa kwa mrija unaofuata mapindo ya mwili. Na upande wa nyuzi ulipowekwa mfereji mwembamba, tabibu akaweza kupitisha mkasi, waya, sindano na kibanio. Jicho likapata mkono.

Haja ya mkono huo ilikuwa kubwa. Mwaka 1960 matabibu wa hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walichapisha hesabu ya wagonjwa 157 wenye nasuri zinazotokea nje ya ngozi, na katika kila 100 walikufa 43. Walikufa kwa njaa, kwa kupotewa na maji na chumvi, na kwa usaha. Maji yenye kusaga chakula yaliitafuna ngozi ya tumbo mchana na usiku. Kumpasua tena mtu aliyedhoofu hivyo, na kushona nyama iliyovimba, mara nyingi kulimwongezea tundu la pili. Nafuu ya kwanza haikutoka katika mshono wala katika taa. Mwaka 1968 Stanley Dudrick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kuwa kiumbe aweza kulishwa na kukua kwa chakula kipitacho katika mshipa mkubwa wa damu, bila ya kitu kupita tumboni. Utumbo ukaweza kupumzishwa kwa majuma mengi, na nasuri nyingi zilizodhaniwa kuwa sugu zikaziba zenyewe. Hapo ndipo funzo la St. Martin lilipoanza kusomwa upya: mwili una nguvu ya kuziba, ila hauna budi kuondolewa kinachouzuia.

Endoskopi ililipokea funzo hilo kwanza katika njia ya nyongo. Mwaka 1974 matabibu wa Erlangen katika Ujerumani na wa Kyoto katika Japani walitangaza namna ya kuukata, kwa waya wa umeme upitao katika endoskopi, msuli uzungukao mlango wa mfereji wa nyongo. Kusudi lao lilikuwa kutoa vijiwe. Miaka michache baadaye Nib Soehendra wa Hamburg, mzaliwa wa Indonesia, aliweka mrija wa plastiki katika mfereji huo uliozibwa na saratani. Kisha ikatokea haja ambayo hawakuikusudia. Mwaka 1985 Erich Mühe, katika mji wa Böblingen, aliondoa kibofu cha nyongo kwa vitobo vidogo bila ya kupasua tumbo, na katika miaka ya 1990 upasuaji wa namna hiyo ukaenea upesi duniani, na majeraha ya mifereji ya nyongo yakaenea pamoja nao. Nyongo ilivuja katika tumbo kutoka kishina kilichobanwa vibaya.

Tiba iliyopatikana yastahili kuangaliwa, kwa kuwa ndani yake mna kanuni nzima. Msuli wa mlangoni huibana nyongo; nyongo iliyobanwa hutafuta njia iliyo rahisi, nayo ni penye jeraha. Tabibu akipitisha mrija mfupi katika mlango, au akiukata msuli, nyongo hushuka utumboni kama maji yafuatavyo mtaro, na jeraha, kwa kukosa kinachopita, hunywea na kuziba. Mara nyingi mrija huo hauligusi tundu lenyewe. Mvujo mwingi wa namna hii huziba hivyo, na mgonjwa huepukana na kisu cha pili.

Wakati huohuo tundu la kukusudia lilipata heshima mpya. Kwa madhumuni ya elimu tundu la tumbo lilikuwa limekwisha kutengenezwa katika mbwa: Basov huko Moscow mwaka 1842, na baadaye Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mwaka 1979, mjini Cleveland, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky walimtengenezea mtoto asiyeweza kumeza tundu la kulishia, kwa sindano iliyoongozwa na taa ya endoskopi iliyoonekana kupitia ngozi ya tumbo. Njia hii sasa hutumika ulimwenguni kote. Nayo imekuwa kana kwamba ni jaribio la kila siku juu ya kisa cha St. Martin. Mpira ukiondolewa mapema, tundu huziba lenyewe kwa siku chache. Ukikaa miezi mingi, njia hupata ngozi yake, na baadhi ya wagonjwa hubaki na nasuri. Tofauti ya maneno mawili ni tofauti ya wakati.

Kwa mivujo ya umio na tumbo matabibu walirudi kwanza kwenye kifuniko. Mwaka 1993 Soehendra na wenzake walieleza namna walivyoziba kwa vibanio vidogo vya chuma tundu lililotokea tumboni walipokuwa wakikata uvimbe kwa endoskopi. Vibanio hivyo vilifaa kwa jeraha jipya na dogo, lakini meno yake hayakuweza kukusanya nyama iliyokakamaa. Mnamo mwaka 2007 yakachapishwa matokeo ya kwanza, kutoka Tübingen, ya kibanio kikubwa kinachovikwa kwenye ncha ya endoskopi na kufyatuka kama mtego, kikaishika nyama yote kwa unene wake. Kadhalika zilitumika gundi za aina mbalimbali, na stenti, yaani mirija ya wavu wa chuma inayojitanua na iliyovikwa utando, ikiwekwa ndani ya umio kuupitisha mate na chakula mbele ya mwanya. Stenti iliwawezesha wagonjwa wengi kunywa tena. Lakini iliyovikwa utando huteleza, isiyovikwa huota ndani ya nyama, na zote mbili zaweza kuufungia usaha nyuma yake. Ukuta uliopakwa chokaa juu ya unyevu hauchelewi kubambuka.

Hesabu zikasema wazi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya hospitali kadhaa kwa wagonjwa 188 waliotiwa kibanio kile kikubwa. Matundu mapya yaliziba kwa kadiri ya 90 katika 100, mivujo 73, nasuri 43 tu. Chombo ni kimoja, mikono ni ileile ya mafundi hodari, na kilichotofautiana ni umri wa mwanya na hali ya nyama yake. Atakayeyaita yote matatu tundu ataahidi kwa mgonjwa wa nasuri matumaini yaliyo ya mtu mwingine.

Hatua iliyofuata iliacha kufunika. Njia ya kufyonza majeraha ya ngozi kwa sifongo na pampu ilikuwa imetangazwa mwaka 1997 na Louis Argenta na Michael Morykwas wa Marekani. Mjini Munich, Rolf Weidenhagen na wenzake waliipeleka sifongo hiyo ndani ya mwili: waliitia kwa endoskopi katika shimo la usaha lililo nyuma ya maungio ya puru yaliyoachia, mrija wake wakautoa nje na kuuunga na pampu. Mwaka 2008 walitoa habari ya wagonjwa 29, na 28 kati yao shimo lao liliziba. Katika mwaka huohuo matabibu wa Hannover walieleza kutumia njia hiyo katika umio, mrija ukipita puani. Sifongo hubadilishwa kila baada ya siku tatu hata tano. Kila mara ikitolewa, shimo huonekana limepungua, na nyama nyekundu imeota. Hakuna kilichofunikwa. Usaha umepewa njia, na mwili umefanya kazi yake.

Katika Ufaransa wazo hilo lilichukua umbo jingine. Upasuaji wa kupunguza tumbo kwa ajili ya unene uliongezeka katika karne hii ya 21, na mshono mrefu wa tumbo lililopunguzwa huweza kuvuja karibu na umio. Badala ya kuuziba mwanya, matabibu wa huko walipitisha katikati yake mirija midogo ya plastiki yenye ncha mbili zilizojikunja, ncha moja shimoni na nyingine tumboni, ili usaha urudi ndani ya njia ya chakula. Kwa mtu asiyeijua historia hii, kuweka mrija katika tundu linalotakiwa kuziba ni kinyume cha akili. Kwa aliyeijua njia ya nyongo, ni jambo lilelile.

Tiba hizi zina gharama yake. Sifongo yataka endoskopi mara nyingi katika majuma mawili au matatu, na fundi aliye tayari kila mara. Shimo lililo karibu na mshipa mkubwa wa damu laweza kutoa damu ya kuua. Na baadhi ya nasuri, hasa zile zilizotokana na mionzi au saratani, hazishindwi kwa chombo chochote kilichotajwa. Kisu hakijastaafu. Mgonjwa ambaye uchafu umetapakaa katika utando mzima wa tumbo bado hupelekwa kwa mpasuaji bila kukawia.

Kwa wale ambao kazi yao ni kusanifu istilahi, historia hii yaacha jambo la kutendwa. Pendekezo la kuyatenga maneno tundu, mvujo na nasuri si pambo la kamusi. Mgonjwa anayeulizwa kama akubali kutiwa kibanio, au ndugu yake anayetia sahihi kwa niaba yake, hana budi kuelezwa ni mwanya gani alio nao, una umri gani, na ni nini kinachouweka wazi. Na maelezo hayo hupewa kwa lugha aielewayo. Alexis St. Martin alitia sahihi ya msalaba katika mkataba ambao hakuweza kuusoma, na kwa mkataba huo tumbo lake likawa mali ya majaribio. Wagonjwa wa leo wana mirija, vibanio na sifongo ambavyo yeye hakuwa navyo. Lililobaki ni kwamba wawe pia na maneno.